Bomba Lililovuta Hewa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua faili lolote, Inspekta alikunywa chai ya rangi na mkate mkavu huku Sajini akimsomea vituko vya usiku uliopita. Hiyo ndiyo starehe yao pekee kituoni. Asubuhi hiyo Sajini alikuwa amefikia kisa cha mlevi aliyeipiga ngumi nguzo ya umeme, na sasa anataka nguzo ishtakiwe. Inspekta, mwanamke mkimya ambaye kicheko chake kilikuwa pumzi moja tu ya puani, alikuwa ndiyo kwanza amechovya mkate, mara mlango ukasukumwa kwa kishindo. Kitu kirefu cheupe kikatua mezani. Kikombe kikapinduka, na chai yote ikamiminikia mapajani mwa Sajini.

Lilikuwa bomba la plastiki, limepindapinda kama utumbo, bado linadondosha maji ya kijanikijani.

"Lipimeni," alisema msichana aliyelileta, kifua kikimpanda na kushuka. "Mkilikuta na tundu hata la sindano, mfungeni mchumba wangu mpaka azeeke. Mkikosa tundu, nipeni mtu wangu."

Sajini alikuwa amesimama, akijipepea suruali kwa faili la mlevi. "We binti! Huo ni ushahidi! Unaubeba barabarani kama kuni?"

"Mliuacha sebuleni kwetu. Mngekuwa mnautaka si mngeubeba?"

Inspekta akamtazama Sajini. Sajini akatazama dari, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa huko.

Msichana huyu alikuwa binti wa daktari wa meno. Wiki hiyo hiyo baba yake alikutwa amekufa sebuleni kwake, miguu mitupu, amelala katika maji yaliyofurika kutoka tangi lake kubwa la samaki. Umeme ulikuwa umempiga. Bomba lililokuwa likitoa maji tangini lilikuwa la kuundwa kwa mkono, na aliyeliunda alikuwa mchumba wa binti, fundi wa matangi ya samaki ambaye mji mzima ulimwita Kambale. Sasa Kambale alikuwa mahabusu, hatua chache kutoka meza ile, na kesho yake angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Mjane, mdogo wa marehemu, majirani, wote walikuwa na wimbo mmoja: bomba la kuungaunga limeua mtu.

Inspekta aliligeuza bomba mikononi. Siku ya tukio alilichungulia nyuma ya tangi na akalikuta limejaa hewa, halivuti maji. Kwenye mgongo wake, pale lilipopinda kupita ukingo wa tangi, palikuwa na kikoki kidogo cha kutolea hewa. Kilikuwa kimefungwa. Aliyaona yote mawili, akayaandika, wala hakujiuliza yanawezaje kukaa pamoja.

"Tangi bado lipo?"

"Lipo. Samaki nimewahamishia kwenye mabeseni."

"Sajini, mtoe Kambale. Tunakwenda kulirudisha bomba mahali pake."

"Na suruali yangu, afande?"

"Itakaukia garini."

*

Mlango ulifunguliwa na mjane mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, kitambaa cheusi kichwani kimefungwa bila mkunjo hata mmoja. Macho yake yaliwapita wote, yakatua kwenye pingu za Kambale, yakaondoka upesi.

"Viatu," alisema.

Wakavua. Hata Sajini, ambaye soksi yake moja ilikuwa na dirisha. Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile: hakuna kiatu kinachopita kizingiti, kwa ajili ya zulia. Zulia lenyewe sasa lilikuwa limetundikwa uani, zito, rangi zake zimevujiana. Sakafu ya sebule ilikuwa tupu na baridi chini ya nyayo.

"Nawasalimu, mama," Kambale alisema kwa sauti ya chini. "Poleni."

Mjane aliuambia ukuta, "Wenye macho wanaona. Mimi sijasema kitu."

Kwenye kochi alikuwa ameketi mdogo wa marehemu, bwana mwembamba mwenye kipara kipya, aliyeishi chumba cha uani, simu yake mkononi kama tasbihi. Binti alimwamkia, "Shikamoo, baba mdogo," na yeye akaitika bila kuinua macho kwenye kioo cha simu.

Inspekta aliamuru pingu zifunguliwe. Kambale akasugua viganja, akalipokea bomba lake, akalipapasa kila kiungo kama mzazi anayempapasa mtoto aliyeanguka. Kisha akapanga kazi, na katika kazi woga wote ukamtoka.

"Daktari hakutaka kioo kitobolewe," alieleza. "Alisema kioo kikishapasuka hakina daktari. Sasa kama hutoboi, maji yatoke vipi? Lazima yapande ukingo na kushukia upande wa pili. Maji hayapandi mlima, lakini ukijaza bomba likajaa kabisa, bila hewa hata kidogo, maji yanayoshuka upande huu yanayavuta ya upande ule. Yanaingia tangi la chini, yanachujwa, pampu inayarudisha juu. Yanazunguka hivyo hivyo, hayachoki."

Aliining'iniza sehemu iliyopinda juu ya ukingo, mguu mmoja ndani ya tangi, mwingine nje. Akachomeka mpira mwembamba kwenye kikoki, akavuta hewa kwa mdomo mpaka mashavu yakabonyea. Maji yalipomgusa ulimi akafunga kikoki, akatema kwenye beseni. Samaki wakatawanyika. Binti akawasha pampu. Bomba likakohoa mara moja, likaanza kumwaga.

"Hapo sasa," alisema Sajini, akikunja mikono. "Mimi si fundi lakini nina akili. Siku ile umeme ulikatika. Pampu ikasimama. Bomba likamaliza maji, likavuta hewa. Umeme ukarudi, pampu ikasukuma, bomba halivuti tena. Maji yanaingia, hayatoki. Yakafurika. Kesi imekwisha, tupewe viatu vyetu."

"Hilo ni bomba la mtu aliyeiga kwa macho," Kambale alisema. "Hili nililitia goti."

"Goti?"

"Zima pampu uone."

Inspekta akaizima mwenyewe. Maji yaliendelea kutoka kidogo, yakapungua tangini kama upana wa kidole, kisha yakasimama. Kambale akaonyesha upande wa nje: bomba lilishuka, likapinda chini, likapanda tena kabla ya kumwaga. "Maji yakifika usawa wa huu mdomo yanaacha. Goti linabaki limejaa, na juu kwenye mgongo kunabaki kumejaa. Hewa haina pa kupita. Washa."

Pampu ikanguruma. Maji yakapanda, yakafika usawa wake, na bila mtu kugusa chochote bomba likaanza tena kumwaga.

Sajini alibaki mdomo wazi. "Zima tena," alisema. Wakazima. Wakawasha. "Hebu nizime mimi." Alizima, akangoja, akawasha kwa kuvizia, kama anayetaka kulikamata bomba likidanganya. Bomba likamwaga tu.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Umeme haukuhusika."

"Labda kiungo kimoja kinavuja hewa taratibu," alisema Inspekta. "Sabuni ipo?"

Binti alileta povu kwenye kikombe, akalipaka kila kiungo cha mgongo kwa kidole. Kama pangekuwa na ufa, bomba lingelinyonya lile povu ndani. Wakainama wote, hata baba mdogo akaisahau simu yake. Povu lilikaa pale pale, viputo vyake vikipasuka kimoja kimoja kwa wakati wao.

"Basi hewa iliingilia wapi?"

Kambale akajifanya anafuta maji ukingoni mwa tangi.

"Kambale, kesho ni mahakamani. Ukiwa na neno, liseme."

"Mlango ni mmoja tu, afande." Alikigusa kikoki. "Ukikifungua, bomba linavuta pumzi mara moja, maji yanakatika. Ukikifunga tena, hakuna atakayejua kuwa kiliguswa."

"Nani humu alijua hivyo?"

"Wote. Siku nilipolifunga Daktari aliwaita wote hapa. Nikawaambia: mkitaka kusafisha, zimeni pampu kwanza, kikoki baadaye. Na msiwashe mpaka mmevuta hewa yote. Kinyume cha hapo, maji yote ya tangi la chini yatapanda juu na kumwagika sakafuni."

Kilichokuwa ajali asubuhi sasa kilikuwa kimeota mkono wa mtu.

"Sio mimi!" Baba mdogo aliruka kutoka kochini kabla hajatajwa. "Nilisema bomba linaguna kama mgonjwa, kweli, nililisema hata mbele za watu. Lakini sikuligusa!"

"Sijakuuliza la kikoki," alisema Inspekta. "Nakuuliza la ekstensheni ya umeme."

Alikuwa amesimama kando ya kabati. Ukutani, usawa wa bega lake, palikuwa na matundu mawili ya misumari na alama safi ya mraba kwenye rangi iliyofifia.

"Niliipigilia hapo mimi," Kambale alidakia. "Umeme na maji havilali kitanda kimoja."

"Mimi niliikuta sakafuni, nyuma ya kochi, imezama majini. Nani aliiteremsha?"

Baba mdogo aliitazama simu yake kama mtu anayetazama nyoka aliyemwokota mwenyewe. Ikamponyoka.

"Waya wa chaja ni mfupi," alisema. "Nilitaka kuchaji nikiwa nimejinyoosha. Nikaing'oa. Nilisema nitairudisha." Akaketi chini kwenye sakafu baridi. "Kaka yangu! Nimemuua kaka yangu kwa ajili ya simu!"

"Shemeji, usijitie kitanzi kisicho chako," mjane alisema bila kumgeukia. "Mwenye kosa anajulikana. Mimi sisemi."

Binti alikuwa amejibana ukutani, mkono mdomoni. Sajini alianza kutafuta pingu mifukoni, lakini Inspekta akatikisa kichwa.

"Umeme ulipokatika, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa kinyozi," baba mdogo alisema akilia. "Yeye ana jenereta. Nilikwenda kuchaji. Muulizeni, nilikaa mpaka nikanyolewa bila kupenda."

Sajini aliyekuwa amemhoji kinyozi alikubali kwa kichwa. Kile kipara kilikuwa ushahidi tosha.

"Ekstensheni kwenye sakafu kavu haimuui mtu," alisema Inspekta. "Bado nataka aliyeleta maji. Mama, umeme ulipokatika ulikuwa nyumbani?"

"Nilishasema. Nilikuwa kwa jirani."

"Kabla ya kwa jirani."

"Hapa. Nyumba yangu, nisiwepo?"

"Peke yako?"

"Na samaki."

Sajini alimsogelea Inspekta, akamnong'oneza. "Afande, hapo tunapoteza muda. Huyu mama na lile zulia? Majirani wanasema alikuwa analichana kwa kitana. Mumewe mwenyewe alikuwa halikanyagi na soksi chafu. Hawezi kulizamisha."

"Ndiyo maana hakuna aliyemtazama," Inspekta alijibu kwa sauti ile ile ya chini. "Hata mimi."

Alikuwa ameinama mbele ya kabati lililobeba tangi. Chini, kando ya tangi la pili, palikuwa na rafu ndefu ya mbao. Mbao zilikuwa zimevimba kwa maji, na ukungu ulikuwa umechora mstari mmoja, sawasawa, kutoka mwanzo wa rafu mpaka mwisho. Akapitisha kidole juu yake taratibu.

"Binti, kitu kikikaa ubaoni na maji yakaja, kinaacha nini?"

"Kinaacha... alama. Mahali pake panabaki pakavu kidogo."

"Hapa hapana alama hata moja. Maji yaliikuta rafu hii tupu. Kwa kawaida huwa kuna nini?"

Binti alijibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake. "Albamu za harusi ya baba na mama. Na mito aliyofuma mama alipokuwa mchumba. Vimekaa hapo tangu nizaliwe."

"Viko wapi?"

"Mtavipekua na vya chumbani?" mjane aliuliza. "Haya. Pekueni. Mjane hana mlango."

Binti alikwenda chumbani. Walisikia kabati likifunguliwa. Aliporudi alikuwa amekumbatia albamu kifuani na mto mmoja chini ya kidevu. Aliketi kwenye mkono wa kochi, akafunua ukurasa. Ukafunuka vizuri. Akafunua mwingine. Baba yake alikuwa kijana ndani ya picha, suti kubwa kuliko mabega, akicheka.

"Ni kavu, mama," alisema. Sauti haikuwa yake. "Zote ni kavu."

"Nilizianika."

"Picha zikilowa zinagandana," alisema Inspekta kwa upole. "Hizi hazijawahi kuona tone la maji. Zilihamishwa kabla. Kuna mtu alijua kuwa maji yanakuja. Akavinusuru anavyovipenda, akaliacha zulia, kwa sababu zulia lilikuwa na kazi."

Kambale alikuwa ameshika ukingo wa tangi kwa mikono miwili.

"Umeme ulipokatika, pampu ilikuwa imesimama," Inspekta aliendelea, akimgeukia mjane. "Ulikifungua kikoki, bomba likavuta hewa, ukakifunga. Wala hapakumwagika hata tone. Ukahamisha albamu, ukaenda kwa jirani, ukaacha umeme wenyewe urudi kumalizia."

"Unasema wewe," alisema mjane. "Mimi sijasema kitu."

"Mama!" Binti alitupa mto chini. "Maisha yako yote unasema kwa pembeni! Ukichukia chakula unasema tumbo limejaa. Ukimchukia mtu unasema mvua itanyesha. Kesho wanamfunga huyu! Sema basi! Sema mara moja tu!"

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, mjane aliuliza swali la kweli, na alimuuliza Inspekta.

"Kwa nini alirudi? Hakuwahi kurudi mchana. Miaka yote ya ndoa, harudi mpaka jioni. Kwa nini siku ile?"

Inspekta alisita. Angependa mtu mwingine ajibu.

"Kwa sababu ule umeme ulikatika mji mzima," alisema. "Mashine ya kutobolea meno haifanyi kazi bila umeme. Aliwaaga wagonjwa, akarudi nyumbani. Labda alijilaza. Umeme uliporudi akasikia maji yanamwagika, akakimbilia kuwaokoa samaki."

"Miguu mitupu," mjane alisema.

"Miguu mitupu."

"Nilimzoesha mimi." Alitazama zile nyayo zote zilizopangana sakafuni, za polisi, za shemeji yake, za bintiye, kana kwamba anaziona sasa hivi. "Mwaka wa kwanza alikuwa anasahau. Nilimgombeza mpaka akazoea."

Akaanza kujishusha pale pale sakafuni. Sajini, yule yule aliyekuwa akitafuta pingu, akamuwahi na kiti.

"Nilisema maji yaloweshe tu zulia," mjane alisema, na sasa maneno yalitoka bila breki. "Lilowe liharibike, arudi jioni alikute. Aone fundi wake alivyo. Jumapili wazazi wa huyu walikuwa waje kuposa, na mume wangu alishasema ndiyo. Kila siku Kambale hivi, Kambale vile, mkono wake wa dhahabu. Nilimwambia mvua ina dalili, hakunielewa. Nilimwambia mti hujulikana kwa tunda lake, akacheka, akasema tunda ndilo lile bomba. Nikasema, sawa. Nitamharibia tunda."

"Ukaacha nikae mahabusu, mama," Kambale alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake. Alisema kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo.

"Nikakuacha. Nilipomkuta amelala pale, nikasema, si bomba lake? Nikasema hivyo mpaka nikaamini."

Binti hakulia. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, albamu bado mkononi, akimtazama mama yake kama anayetazama mlango wa nyumba yao ukiwa umehamishwa ukuta mwingine. Baba mdogo sakafuni alikuwa ameinua kichwa. Nyuma yao maji yalikuwa yakizunguka: yanapanda, yanapita mgongo, yanashuka kwenye goti, yanamwagika.

Inspekta alichuchumaa mbele ya kiti. "Mama, maneno haya utayarudia kituoni, mbele ya karani. Ukipenda, unaweza kunyamaza sasa."

"Nimenyamaza vya kutosha."

Mjane alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Kisha akageuza shingo, polepole, mpaka macho yake yakafika mahali ambapo hayakuwahi kufika asubuhi ile, wala, pengine, siku yoyote kabla yake: usoni mwa Kambale.

"Bomba lako ni zuri," alimwambia. "Halina kosa, na nililijua hivyo tangu siku ulipolifunga. Ni wewe. Ni wewe niliyekuwa sikutaki."